Viganja Juu Mbele ya Baraza la San Telmo

Jumatatu, 6 Machi

Nimeamka saa tano asubuhi na kiatu kimoja mguuni. Itzel alikuwa amenikalia kifuani, ananifungua jicho kwa kidole. Miaka miwili na nusu, tayari ni askari.

Habari kubwa. Bwana Silveira, mwenye klabu ya karata ninapofanya kazi, amebandika tangazo juu ya mashine ya kahawa. Jumanne ya wiki ijayo baraza la mji litapiga kura. Sasa hivi sheria ya San Telmo inaturuhusu meza nane tu za karata, na mlango unafunguliwa saa kumi jioni, unafungwa saa kumi alfajiri. Akishinda, meza zitakuwa kumi na nne na mlango utafunguliwa saa tatu asubuhi. Maana yake kutakuwa na zamu ya asubuhi. Nilimuuliza mbele ya watu, wa kwanza kuipata ni nani. Akasema ni mimi, kwa kuwa nina mtoto mdogo. Nimewashika wenzangu wawili kuwa mashahidi.

Naitaka zamu hiyo kuliko nilivyotaka kuolewa. Sababu ni moja, na naiandika hapa ili isinitoke mdomoni. Juzi Itzel alimwita bibi yake "mama". Mama mkwe akamsahihisha. Lakini alichelewa kidogo kumsahihisha. Niliona.

Tunaishi kwa mama mkwe. Mume wangu Efraín anaendesha lori la maziwa, anaonekana kama mwezi mwandamo: wachache wanabahatika kumwona. Na huyu mama mkwe, Mama Eulalia, ndiye jemadari wa wapinzani. Anasema karata ni mlango wa shetani. Kila Alhamisi anaendesha bingo, bahati nasibu ya kadi za namba, katika ukumbi wa kanisa. Nikamuuliza tofauti iko wapi. Akanijibu kwamba shetani hawezi bingo, hana subira.

Madiwani ni watano. Wawili wetu, wawili wao. Wa tano ni Bwana Moua, mkulima wa stroberi, ambaye hajafungua kinywa. Huyo namchukua mimi.

Nilipoinuka mezani baada ya kula niligonganisha viganja mara moja, pa, nikavigeuza juu. Mama mkwe akakasirika tena. Si jeuri, ni kazi. Mgawa karata haondoki mezani kabla ya kuionyesha kamera ya darini kwamba hakuficha kibao cha dau cha mtu. Nimefanya hivyo miaka minne. Mikono haisubiri ruhusa yangu tena. Mama mkwe amesema nyumba yake haina kamera. Ina yeye.

Jumatano, 8 Machi

Wiki iliyopita, fununu ya kura ilipoanza, nililiandikia gazeti la mji barua. Nilijiita Mkulima Mstaafu wa Lozi. Nikasema katika miaka yangu sabini sijaona mji uliokufa kwa karata. Imetoka leo. Neno kwa neno.

Mama mkwe ameisoma kwa sauti wakati wa kahawa. Polepole. Akafika pale mkulima anaposema zamu ya asubuhi ingempa nafasi ya kumwogesha mtoto na kumnyonyesha kwa utulivu. Hapo kalamu ilinikimbia, nakiri. Mama mkwe akanitazama juu ya miwani. Masikini mzee wa watu, akasema. Miaka sabini na bado ananyonyesha.

Nimeinuka. Pa. Viganja juu.

Alhamisi, 9 Machi

Usiku wangu wa mapumziko. Nimejitolea kuuza kadi kwenye bingo. Mama mkwe alishangaa, akanibariki. Kumbe namchunguza.

Wanawake sitini na wazee saba. Kimya kama msiba mpaka mtu apate mstari. Bibi mmoja alikuwa na kadi kumi na mbili mbele yake na alikuwa anazijaza zote huku anakula tamale za mahindi. Kwenye klabu yetu mtu wa namna hiyo tungempa kiti cha heshima.

Nilikuwa nikipanga viti pale ukutani, chini ya picha ya Bikira, nikaona fremu. Ndani yake kibali cha baraza la mji cha kuchezesha bingo. Nikasoma tarehe. Nikaisoma tena. Kimekufa tangu Oktoba.

Nimerudi nyumbani naimba. Mama mkwe akasema kumbe kanisa linanifaa.

Ijumaa, 10 Machi

Nimekwenda kwenye kibanda cha Bwana Moua kando ya barabara kuu. Itzel kiunoni. Nilipanga kununua vitunguu viwili kama mtu anayepita njia, kumbe mtu hawezi kuzungumza dakika ishirini na vitunguu viwili. Nimenunua ratili kumi.

Nikamweleza yote. Jinsi klabu inavyolipa mji kodi ya taa za barabarani. Jinsi tunavyokaguliwa, kupigwa picha, kuchukuliwa alama za vidole, hata shati la kazi halina mfuko ili tusifiche kitu. Jinsi watu wengine wanavyochezesha michezo bila hata karatasi. Akauliza watu gani. Nikasema mama mkwe wangu ni mwanamke mwema, lakini bingo yake haina kibali tangu Oktoba.

Akatoa daftari dogo mfukoni, akaandika. Ana mwandiko mzuri. Kisha akaniambia kwa upole kwamba diwani akiambiwa jambo nje ya kikao, siku ya kura lazima alisome mbele ya watu wote, nani kasema na kasema nini. Akaniuliza kama nina la kuongeza.

Nilifurahi sana. Maneno yangu yatatoka kinywani mwa diwani, mbele ya umma. Watu hulipa kupata kitu kama hicho. Nikamwongezea habari za meno ya Itzel.

Nyumbani, mama mkwe ameuliza vitunguu vyote hivi ni vya nini. Nimesema vilikuwa bei nzuri. Akasema hata kaburi lina bei nzuri ukinunua mapema.

Jumapili, 12 Machi

Leo saa zimesogezwa mbele kwa saa moja, kama kila mwaka. Nililala saa mbili tu, serikali ikachukua moja.

Nimekusanya jeshi. Wagawa karata kumi, na mimi wa kumi na moja. Baraza linampa kila mwananchi dakika tatu. Kumi na moja mara tatu ni dakika thelathini na tatu za ukweli mtupu. Mama mkwe ana wasemaji wanne na rozari.

Tumefanya mazoezi kwenye maegesho ya klabu kabla ya zamu, tukiwa tumesimama mstari, mashati meusi, nywele nyuma. Bopha, mgawa karata hodari kuliko wote na mwoga kuliko wote, amesema maneno yake bila kutetemeka: kwamba alipofika mji huu hakujua Kiingereza, akajifunza kuhesabu mezani pale, na leo binti yake anasomea unesi. Nilitokwa na machozi. Rigoberto naye ameandika hotuba yenye mito na milima, nikamkatia milima. Mzee Anselmo, miaka thelathini kazini, atamaliza yeye. Ana sauti ya redio.

Hakuna aliyekosea. Hata mmoja. Nimewaambia wavae sare, waje mapema, wakae pamoja.

Itzel alikuwa mgongoni mwangu muda wote. Alilala wakati wa mito ya Rigoberto.

Jumanne, 14 Machi

Naandika nikiwa bafuni. Mlango nimeufunga kwa komeo.

Nianze mwanzo. Paa la ukumbi wa baraza linavuja tangu mvua za juzi, kwa hiyo kikao kilihamishiwa ukumbi wa kanisa. Ufunguo anao nani? Mama Eulalia. Ijumaa kuna karamu ya Mtakatifu Patrick, ambaye rangi yake ni kijani, kwa hiyo alikuwa amekwisha kutandika meza zote vitambaa vya kijani. Kijani kilekile cha meza za klabu. Sisi kumi na mmoja tukakalishwa kwenye meza moja ndefu. Tukatulia kabisa. Bopha akasema anajihisi yuko nyumbani. Ningekuwa mtu wa kusoma ishara, hiyo ilikuwa ishara.

Meya Bettencourt akagonga nyundo. Akasema mwezi uliopita, kwenye kikao cha bei ya maji, makofi yaligeuka zogo na mtu akarusha kiti. Kwa hiyo leo hakuna makofi. Atakayepiga, nje. Hakuna onyo la pili. Nikawaza, vema, wapinzani wetu ndio wapiga makofi.

Mama mkwe aliitwa wa kwanza. Akasimama na mkoba wake. Alisema hana ugomvi na watu wanaofanya kazi klabu. Alisema ana mkwe mmoja anayerudi alfajiri kama nguo iliyokamuliwa, analala sebuleni na viatu, na mtoto anakaa karibu yake anangoja aamke. Akasema mji unaotaka kuongeza meza kwanza uhesabu watoto wanaongoja. Akakaa.

Niliviangalia viatu vyangu.

Kisha karani akaliita jina langu. Nikainuka mezani.

Pa. Viganja juu.

Ilisikika mpaka jikoni. Meya akanitazama. Akasema, "Bibi, nimesema hakuna kumpigia mtu makofi." Nikasema sikumpigia. Mama mkwe akageuka, macho yamemlowa, akanishukuru. Watu wakaona anavyonishukuru. Ningejieleza vipi? Askari aliyenitoa ni binamu wa Efraín. Aliniuliza njiani kama tutapika vitunguu Pasaka, amesikia tunavyo.

Nikasimama nje kwenye mlango wa kioo. Nikajisemea, bado kumi.

Akaitwa Bopha. Akainuka. Pa. Viganja juu, vidogo vyeupe, akavitazama mwenyewe kama vya mtu mwingine. Nje.

Rigoberto aliona. Ana akili, akaushika mkono mmoja kwa mwingine, akainuka nusu, akakumbuka karatasi yake mezani, akakaa, akaichukua, akaiweka mfukoni, shati halina mfuko, ikaanguka. Akainama, akaiokota, akaiweka mezani, akainuka. Mikono ikawa mitupu. Pa.

Wa nne, wa tano, wa sita. Meya alikuwa anapiga nyundo na wao wanapiga viganja, mtu akisikia akiwa nje angedhani kuna ngoma. Diwani mmoja wa upande wetu alijifunika uso.

Akabaki mzee Anselmo. Mwenye sauti ya redio. Nikaona bado tuna matumaini, dakika tatu zake zinatosha. Nikagonga kioo. Akaniona. Nikamwonyesha kwa ishara asifanye vile: nikainua mikono, nikavifungua viganja, nikavitikisa sana, si hivi, si hivi. Mzee akaelewa kwamba ninamkumbusha. Akanyoosha mgongo. Ile pa yake ilikuwa safi kuliko zote, ya miaka thelathini. Akanipa na tabasamu.

Kumi na mmoja nje, tumepangana kwenye kioo kama samaki sokoni.

Binamu akaacha mlango wazi kidogo tusikie. Ni huruma yake, na afadhali angeufunga. Bwana Moua alitoa daftari. Akasema sheria inamtaka atangaze mazungumzo ya nje ya kikao. Akasoma. Siku ya Ijumaa, Bibi Nereida alinunua vitunguu ratili kumi. Alisema klabu inalipa kodi. Alisema shati halina mfuko. Alisema mama mkwe wake ni mwanamke mwema lakini bingo yake haina kibali tangu Oktoba. Alisema mtoto anaota magego.

Wanawake wote sitini wa bingo waligeuka kuitazama fremu chini ya picha ya Bikira. Mama mkwe hakuitazama fremu. Alinitazama mimi, kupitia kioo.

Halafu Bwana Moua akafunga daftari. Akasema alikuja kusikia wale wanaofanya kazi kwenye zile meza, amewaona kumi na mmoja na hajasikia hata mmoja, na hawezi kupigia kura viganja. Akaomba shauri lirudi tarehe 28. Wakakubali. Karani akaongeza kwamba bingo isimame mpaka kibali kipatikane.

Nasikia hatua za mama mkwe ushorobani. Zinapita. Zinarudi.

Jumatano, 15 Machi

Hasemi na mimi. Anapitishia kwa Itzel. "Mwambie mama yako uji uko jikoni." "Mwambie mama yako ameacha taa." Mama yako, mama yako, siku nzima. Itzel sasa analijua neno hilo na mtu wake. Sikulipanga hili, lakini nalihesabu upande wangu.

Nilidhani jioni atakataa kubaki na mtoto, nikose zamu. Nilikuwa nimeshaandaa hotuba. Hakukataa. Alimchukua mikononi mwangu, akamwambia mtoto kwamba hasira za bibi ni za mama, si zake, na pua yake inahitaji kufutwa.

Nimefanya kazi usiku kucha bila kukosea karata. Bwana Silveira amesema hakutuma mtu azungumze na diwani. Nimesema najua. Amesema zamu ya asubuhi bado ni yangu, kama itazaliwa.

Alhamisi, 16 Machi

Alhamisi bila bingo. Kufika saa moja jioni mama mkwe alikuwa amefua mapazia, amepanga upya mitungi ya viungo, ameanza kuniangalia mimi kama kitu kinachohitaji kupangwa. Nina mapumziko, sina pa kukimbilia.

Mara wakaja wenzake wanne, kila mmoja na sahani iliyofunikwa. Hawakusema wamefuata nini. Wakakaa mezani jikoni. Mmoja akatoa kadi kwenye mkoba. Kisha wote wakatoa kadi kwenye mikoba. Mama mkwe akamwaga maharage katikati ya meza, akasema hakuna dau hapa, nani atasema ni kosa, na maharage ni yake na kesho atayapika.

Mtangazaji hawakuwa naye. Wakanitazama.

Nimetangaza namba saa mbili nzima, Itzel pajani ananitolea vigae vya namba kwenye mfuko. Bibi wa kadi kumi na mbili alinisifu. Amesema natangaza wazi, si kama padri anayemeza namba.

Walipoondoka mama mkwe akasema na mimi moja kwa moja, mara ya kwanza tangu Jumanne. Alisema mimi ni mjinga lakini nina sauti. Kisha, akiwa anaosha sahani na kunipa mgongo, akaniuliza kwa nini nataka meza kumi na nne hata nimchome yeye mbele ya parokia nzima. Nikasema ni kwa maendeleo ya mji. Akafunga bomba. Akaniuliza tena.

Nikamwambia. Kuhusu neno "mama". Kuhusu kuchelewa kwake kulisahihisha.

Alikausha mikono. Akasema nilikuwa sahihi, alichelewa. Alisema na yeye alifungasha matunda ya pichi kiwandani miaka kumi na moja, usiku, na Efraín alimwita jirani mama. Akasema, kama ni hilo tu, ningemwambia. Tarehe 28 atasimama yeye mwenyewe aseme meza haziungi mkono, ila saa za asubuhi anaziunga, ili mkwe wake alale usiku kama watu. Amesema Bwana Moua atasikia hilo. Na kibali cha bingo nimsaidie kujaza fomu.

Nimekubali fomu. Hilo la kusimama nimemwambia asante sana, lakini asijisumbue. Mambo nimeshayapanga. Siwezi kuokolewa na upande wa pili, mbele ya watu, kwa sababu ya huruma. Sababu yangu si hoja ya baraza, ni siri yangu. Hoja ni dakika thelathini na tatu.

Amenitazama kama anavyoutazama uji uliomwagika jikoni.

Jumamosi, 18 Machi

Nimelipata kosa. Halikuwa mimi. Halikuwa vitunguu. Ni mikono mitupu. Mgawa karata mwenye mikono mitupu akiinuka mezani, hakuna sheria ya kumzuia. Nilifikiri kwanza kila mtu aweke mikono mfukoni. Nimewaambia Rigoberto na Bopha. Wakanikumbusha sare haina mfuko. Nilijua.

Lakini usiku, kati ya mgao mmoja wa karata na mwingine, jibu likaja. Watoto.

Tarehe 28 kila mgawa karata atakuja na mtoto. Asiye na wake ataazima wa dada yake. Tutawapakata mezani, na jina likiitwa tutainuka mtoto akiwa mikononi, mikono yote miwili imejaa. Pa itatoka wapi? Na meya, mwanamke mwenye wajukuu, atamtoa nani nje? Mzee Anselmo atakuja na vitukuu wawili, kila mkono mmoja. Nimelifikiria hata hilo.

Karani ametuma barua kwamba safari hii kila msemaji ataapa kwanza, mkono wa kulia juu. Dogo hilo. Mtoto unamhamishia kushoto. Wote wameahidi kuwafundisha watoto wao kukaa kimya mezani, na kwa wiki hii kula nao pamoja kila siku ili wazoee.

Mama mkwe ameuliza tena asubuhi hii kama nina hakika sitaki aseme yeye. Maneno mawili tu, amesema. Nimemwambia akae atazame. Amesema atatazama, hawezi kukosa, na atabeba kiti chake mwenyewe.

Tukamaliza uji. Nikainuka, nikiwa nimejizuia, mikono nyuma, sikupiga. Nilijisikia mshindi.

Itzel akashuka kwenye kiti chake. Akasimama wima. Akagonganisha viganja mara moja, pa, akavigeuza juu, vimejaa uji, akamwonyesha bibi yake, akanionyesha mimi, akaionyesha na dari.

Kajifunzia wapi, sijui. Nimevibusu vyote viwili. Tarehe 28 namchukua, na yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kuingia.